Mwamba mweusi wa tomalini: umetoka kwenye granaiti au kwenye bahari ya kale?

Mtu akiokota jiwe jeusi linalong'aa kwenye vilima vya Mpwapwa, Kongwa au Hombolo, swali la kwanza huwa ni bei. Kama jiwe lenyewe ni tomalini nyeusi, jibu ni fupi: bei yake ni ndogo. Dalali anayenunua tomalini ya kijani ya Simanjiro kwa gramu, hii nyeusi hataki hata kuigeuza mkononi. Boroni iliyomo ndani yake nayo haina mnunuzi. Viwanda vya vioo na sabuni ya unga hupata boroni kwenye chumvi laini zinazochimbwa Uturuki na California; tomalini haiyeyuki hata kwenye asidi kali, kwa hiyo hakuna anayehangaika nayo.

Swali lenye faida ni jingine: jiwe hilo lilikaaje mwambani? Ipo tomalini iliyoletwa na granaiti, na ipo iliyoachwa na maji moto yaliyokuwa yakipanda kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Maji ya namna hiyo yalikusanya baadhi ya mbale (mawe yenye metali ya kuchimbwa) kubwa kabisa za risasi, zinki na fedha zilizowahi kuchimbwa duniani. Vipande viwili vya tomalini hizo vikiwekwa mezani, jicho linaweza lisione tofauti yoyote. Tofauti imebaki kule kwenye mwamba. Ndiyo maana jiwe lililoletwa kwa mtafiti kwenye mfuko wa rambo, bila kuandikwa limetoka wapi na lilikuwa limelala vipi, halimsaidii kitu.

Kwanza, ni tomalini kweli?

Kanda ya kati ina mawe meusi mengi, na mengi yanafanana. Ulanga mweusi hubanduka kwa ukucha, tabaka kwa tabaka. Madini ya kinywe huchafua vidole. Magnetiti hunasa sumaku. Anayedanganya zaidi ni honblendi: naye ni mweusi, anang'aa, ana fito ndefu. Lakini ugumu wake ni 5 hadi 6 kwenye kipimo cha Mohs, na akipasuka hutoa nyuso bapa mbili zinazokutana kwa pembe ya nyuzi 56 na 124 hivi. Tomalini ina ugumu wa 7 hadi 7.5. Hukwaruza kioo cha dirisha bila shida, ncha ya kisu haiiachii alama, na ikivunjika huvunjika ovyo kama mkaa, bila uso bapa. Fito zake zina mistari myembamba inayofuata urefu, na ukiitazama fito iliyokatika kwa upana utaona pembetatu ambayo pande zake zimevimba. Ukiisaga, unga wake ni mweupe au kijivu hafifu hata kama jiwe ni jeusi tii.

Majaribio hayo yanafaa chembe zikiwa kubwa. Kwenye mwamba wa sakafu ya bahari ambao haukupata joto kali, tomalini hukaa kama sindano ndogo kiasi kwamba lenzi ya mara 10 haioni kitu. Jiwe zima hufanana na gumegume: jeusi au kahawia iliyokolea, gumu, lenye kumeguka kwa nyuso zilizopinda kama ganda la kombe, na nyundo ikiligonga hulia kama iliyogonga chuma. Mawe ya aina hiyo yamepita mikononi mwa wanajiolojia wengi yakiandikwa kwenye daftari kuwa ni gumegume tu.

Uthibitisho wa haraka ni kipande chembamba cha unene wa milimita 0.03 chini ya darubini ya jiolojia. Tomalini hugeuka giza fito yake ikiwa imekingama na mwelekeo wa mwanga unaopita kwenye polaraiza ya chini, kioo kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Ulanga mweusi hufanya kinyume, huwa giza ukiwa sambamba nao. Wapo wanaojaribu kutafuta boroni kwa kumwagia unga wa jiwe asidi na spiriti kisha kuuwasha, wakisubiri mwali wa kijani. Hawaupati, kwa sababu boroni haijatoka ndani ya jiwe. Unga unatakiwa uchanganywe na baisalfeti ya potasiamu pamoja na floraiti iliyosagwa, uwekwe kwenye waya wa platinamu na kuingizwa motoni. Hapo kijani huonekana kwa sekunde moja au mbili halafu kinapotea. Anayepepesa macho hukikosa.

Hesabu inayokataa kuwa ni tope la kawaida

Tomalini ina boroni takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani gramu 30,000 katika kila tani. Maji ya bahari yana miligramu 4.5 hivi kwa lita. Tope la mfinyanzi lililotulia baharini lina gramu 100 hivi kwa tani. Lava ya kwenye matuta ya katikati ya bahari ina pungufu kabisa, gramu 1 au 2 tu.

Chukua sasa tope hilo la gramu 100, ligeuze kuwa mwamba, na boroni yake yote iingie kwenye tomalini bila kubaki hata chembe. Utapata tomalini asilimia 0.3, fito chache hapa na pale ndani ya ulanga. Miamba ya sisti ya kawaida, yaani tope lililopikwa likawa mwamba wa matabaka, iko hivyo hivyo, na haina cha kumshangaza mtu. Lakini mwamba unaoitwa tomaliniti, ule ambao tomalini yake imefika asilimia 15 au 20 na kuendelea, unahitaji gramu 6,000 za boroni kwa tani ukiwa na tomalini asilimia 20. Hiyo ni mara 60 ya kilichomo kwenye tope. Tope haliwezi kujizalishia kiasi hicho. Kuna kitu kiliileta boroni kutoka nje, na kwa uwezo huo wako washukiwa wawili wakuu: majimaji ya mwisho ya granaiti inayopoa, na maji moto yanayozunguka chini ya sakafu ya bahari.

Wapo pia washukiwa wadogo. Mishipa ya dhahabu ya kwatzi kwenye miamba ya kale huwa na tomalini, na huko Chile mawe yaliyovunjikavunjika na kugandishwa kwa tomalini yanabeba shaba nyingi, kwa mfano Los Bronces. Hao tuwaweke kando.

Maji yanayotoka sakafuni

Mwaka 1977 watafiti walioshuka karibu na visiwa vya Galápagos walikuta chemchemi za maji ya vuguvugu chini ya bahari. Mwaka 1979, kwenye tuta la Pasifiki ya Mashariki, latitudo ya nyuzi 21 Kaskazini, zikaonekana chemchemi kali zaidi: mabomba ya mawe yanayotoa maji ya nyuzi joto 350 yakiwa meusi kama moshi. Maji hayo hayachemki kwa sababu kina cha kilomita 2 hadi 3 kinayakandamiza kwa shinikizo la mara 200 hadi 300 ya lile la hewa tunayovuta.

Safari yake ni hii. Maji ya bahari huzama kupitia nyufa za mwamba, hushuka kilomita moja au zaidi, hukuta joto na kuanza kunyonya shaba, zinki, risasi, chuma na salfa. Yakishakuwa mepesi kwa joto hupanda kwa kasi kupitia ufa mkubwa. Yanapokutana na maji ya bahari yenye nyuzi 2 tu, hushindwa kubeba mzigo. Metali hushikana na salfa na kuanguka palepale. Mkazi wa Dodoma anayejua ukoko mweupe ndani ya birika asifananishe haraka: chokaa ya birika huganda maji yanapopashwa, ila salfaidi za metali huganda maji yanapopozwa. Kwa hiyo lundo hujengeka mdomoni mwa chemchemi na kwenye tabaka za juu kabisa za tope, mahali baridi linapoanzia.

Mabomba yaliyoota juu ya lava tupu kwa kawaida hayatengenezi tomalini nyingi, maana boroni ni haba na mfinyanzi haupo. Tomalini hustawi kwenye mabonde ya ufa yaliyozama na kujaa tope nene, kilomita kadhaa. Maji ya chumvi yakipita kwenye tope hilo yakiwa na nyuzi 150 hivi na zaidi huiondoa boroni iliyokuwa imeng'ang'ania mfinyanzi. Na kama njiani kuna tabaka za chumvi iliyokauka, yanabeba zaidi. Mfano ulio hai uko Bahari ya Shamu. Kina cha Atlantis II, kilomita 2 hivi chini ya maji, kina dimbwi la maji ya chumvi kali yenye zaidi ya nyuzi 60, na chini yake kuna tope lenye zinki, shaba na fedha. Chumvi hiyo imetoka kwenye tabaka za kale zilizozikwa kando ya bonde.

Halafu kuna jambo la alumini, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Tomalini inahitaji boroni, silika, magnesiamu au chuma, na alumini nyingi. Boroni husafiri na maji kirahisi. Alumini karibu haisafiri kabisa. Kwa hiyo maji yenye boroni hayatengenezi tomalini popote yanapopita, bali pale yanapokuta mfinyanzi, kwa kuwa alumini imekaa humo. Tabaka la mfinyanzi linageuka kuwa tomalini, na tabaka la mchanga lililolala juu yake linabaki kwatzi. Matokeo yake ni jiwe la mistari, jeusi na jeupe, linalofuata sawasawa tabaka za tope la zamani.

Mistari hiyo iliwafanya wengi waamini kuwa tomalini ilinyesha kutoka kwenye maji na kutulia sakafuni kama vumbi. Ushahidi wa mawe yenyewe unaelekea upande mwingine. Ndani ya tomaliniti zilizohifadhika vizuri kuna vipande vya tope vilivyong'olewa na mkondo, kuna tabaka zilizoteleza na kukunjana zikiwa bado laini, na vyote vimegeuka tomalini bila kubadili umbo. Kitu kilichokwisha kutuama ndicho kilichogeuzwa, chini ya sakafu, kuanzia mita chache hadi mamia ya mita. Kwa mtafutaji hili si suala la darasani: tomalini iko kwenye bomba la kupandishia maji, na lundo la metali liko kwenye mdomo wa bomba. Mahali pa tomalini nyingi kuliko zote si lazima pawe mahali pa metali nyingi.

Migodi miwili ya kujifunzia

Sullivan, British Columbia nchini Kanada, ndiyo mfano unaoeleweka zaidi. Mwamba wake una miaka bilioni 1.47 hivi. Mgodi ulifungwa mwaka 2001 baada ya takriban miaka 90 ya kazi, ukiwa umetoa zaidi ya tani milioni 16 za risasi na zinki pamoja na maelfu ya tani za fedha. Chini ya mbale ile kuna bomba la tomaliniti linaloshuka mamia ya mita, jeusi, gumu, lenye chembe zisizoonekana kwa macho. Ila bonde hilo la kale lina sehemu nyingine nyingi zenye tomaliniti, na Sullivan imepatikana moja tu. Tomaliniti inasema kuwa maji moto yalipita. Haisemi kuwa yalikuwa na metali, wala kuwa salfa ilikuwepo ya kuzishika.

Broken Hill, Australia, iko karibu zaidi na hali ya Dodoma, kwa sababu mwamba wake ulipikwa. Charles Rasp, mchunga kondoo, aliona kilima cheusi mwaka 1883 akadhani amepata bati. Hakikuwa bati, kilikuwa kilele kilichooza cha mbale ya fedha, risasi na zinki iliyokuja kuzidi tani milioni 200. Mbale hiyo ilizaliwa takriban miaka bilioni 1.69 iliyopita, na karibu miaka milioni 90 baadaye ikazikwa na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 700. Tope likawa naisi, mwamba wa mistari uliopikwa sana, yenye silimanaiti (madini ya alumini) na ganeti. Zinki iliyokuwa imetapakaa pembeni ikaingia kwenye ganaiti, madini ya kijani kibichi chenye giza, ugumu 7.5 hadi 8. Manganizi ikaingia kwenye ganeti ya rangi ya chungwa au waridi, ikakaa na kwatzi kwenye tabaka nyembamba. Tomalini ikavumilia, ila chembe zake zikakua hadi kuonekana kwa macho.

Boroni ya Broken Hill ina habari nyingine ndani yake. Boroni asilia ina aina mbili za atomu, ya uzito 10 na ya uzito 11, na uwiano wake hulinganishwa na kiwango maalumu, tofauti ikiandikwa kwa sehemu za elfu. Maji ya bahari yako karibu +40. Tomalini za Broken Hill zina chini ya −17, mbali mno na bahari. Watafiti waliotoa vipimo hivyo mwaka 1989 walieleza kuwa boroni ilitoka kwenye chumvi za maziwa ya nchi kavu, yale yanayokauka ndani ya bonde la ufa. Asiyeweza kuipata picha hiyo akasimame ukingoni mwa mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi: bonde lisilo na njia ya kutokea, maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya mfinyanzi. Bonde la namna hiyo likizama zaidi, bahari ikaingia, tope likalundikana na joto likapanda kutoka chini, malighafi zote zimekwisha kukusanyika. Sisemi kuwa Bahi ya leo ina mbale ya namna hiyo, tuelewane. Inaonyesha jinsi stoo inavyojazwa kabla kazi haijaanza.

Miamba ya Dodoma imepikwa zaidi ya mara moja

Jiji la Dodoma limekaa juu ya bamba la kale la Tanzania, granaiti na naisi zenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kati ya granaiti hizo kuna mikanda myembamba ya sisti, amfiboliti na kwatzaiti zenye chuma, mabaki ya tope na lava zilizokuwepo kabla. Ukienda mashariki na kusini-mashariki, Kongwa na Mpwapwa, unaingia ukanda wa Usagara wenye takriban miaka bilioni 2, ambao baadaye ulipashwa tena wakati milima ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikiundwa, miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita.

Je, kulikuwa na bahari? Ndiyo. Kwenye kilima cha Yalumba, ndani ya ukanda wa Usagara, kuna eklojaiti (mwamba uliobanwa kwa shinikizo kubwa chini sana ya ardhi) ya karibu miaka bilioni 2 ambayo kemia yake inafanana na lava ya sakafu ya bahari. Ilizamishwa kwa kina kikubwa kisha ikarudishwa juu. Kilima cha Mautia karibu na Kongwa nacho kina mwamba wa ajabu wenye talki, kayanaiti na yoderaiti, madini ya zambarau yaliyotambuliwa huko kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1959. Mwamba wenye magnesiamu na alumini kiasi hicho hautokani na tope la kawaida lililopikwa tu. Yote haya yanathibitisha kuwa mazingira yalikuwa mapana kuliko granaiti inayoonekana barabarani. Hayathibitishi mgodi.

Ugumu wa hapa ni kwamba joto limefuta alama nyingi. Tomalini huhimili nyuzi 700 na zaidi kidogo, lakini mwamba ukianza kuyeyuka, nayo huvunjika na boroni huingia kwenye uji wa mwamba. Uji huo ukipanda na kupoa unakuwa pegmatiti, mwamba wa chembe kubwa kubwa, yenye fito nene za tomalini nyeusi. Kwa maneno mengine, boroni ya bahari inaweza kuvaa nguo za granaiti. Kinyume chake pia hutokea: pegmatiti inayopita kwenye sisti huichafua kwa boroni, ikaacha ukingo mweusi wa sentimita chache hadi mita moja au mbili pande zote. Ukingo huo ukikatika na kuonekana peke yake kwenye korongo, mtu asiye makini ataandika tomaliniti.

Cha kufanya uwanjani

Anza na pegmatiti. Kama tomalini ni fito nene kama kidole, zimekaa na felspa, ulanga mweupe na kwatzi kubwa, na mshipa unakata tabaka za sisti, hiyo ni kazi ya granaiti. Huenda ina thamani yake, maana Hombolo pegmatiti zimefuatiliwa kwa lithiamu, lakini ni hadithi nyingine. Tomaliniti inayotafutwa hulala pamoja na tabaka, ina unene wa sentimita kadhaa hadi mita kadhaa, na hufuatika kwa makumi au mamia ya mita ikiwa na mistari. Ifuate kwa miguu pande zote mbili mpaka ipotee. Ikipotea kila pegmatiti inapopotea, achana nayo.

Kisha tazama majirani zake. Ganeti za manganizi na kwatzi kwenye tabaka jembamba ni dalili njema. Ganaiti ni dalili njema zaidi. Mwamba wenye kodieraiti na anthofilaiti, madini mawili ya magnesiamu, wa kijivu au kahawia na fito zilizotawanyika kama nyasi zilizolala, mara nyingi ni kloraiti (madini laini ya kijani) ya maji moto iliyopikwa. Sisti yenye silimanaiti nyingi na felspa kidogo mno inaweza kuwa mwamba uliooshwa na maji ya asidi. Tomalini peke yake, bila hata mmoja wa hao, ni dalili dhaifu.

Usisahau kutu. Mbale ya salfaidi ikikaa juani inaoza na kuacha kifuniko cha rangi ya kahawia, nyekundu na njano, chenye vitundu kama sega la nyuki, vingine vya mraba vilivyoachwa na chembe za salfaidi ya chuma. Changarawe nyekundu ya moramu ina vidonge vya duara na imetandazwa kufuata ardhi, bila kujali tabaka za chini. Kifuniko cha mbale hufuata tabaka. Kwenye kifuniko hicho zinki huwa imekwisha kuoshwa na shaba imepungua, kwa hiyo kipimo kidogo cha zinki juu ya ardhi kisimkatishe mtu tamaa. Risasi, aseniki, fedha na bariamu hubaki zaidi, na ndizo za kuangaliwa.

Makorongo ya Dodoma ni ya mchanga mkavu karibu mwaka mzima, na hilo ni faraja. Chimba sentimita 30 hadi 50 nyuma ya jiwe kubwa au kwenye kona ya ndani, chekecha chini ya milimita 2, jaza ndoo ya lita 20, halafu osha kwenye karai. Rudia kila mita 500 hivi ukipanda. Tomalini ina uzito wa 3.0 hadi 3.3 ukilinganisha na maji, juu kidogo ya kwatzi yenye 2.65, hivyo anayeosha kwa pupa huimwaga pamoja na mchanga. Ganaiti ina 4 na zaidi, hubaki na ganeti. Ondoa magnetiti kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha hesabu chembe chini ya lenzi.

Sampuli za mwamba zikatwe kwa kukingama tabaka, mita moja moja, kilo 2 hadi 3 kila moja, kutoka kwenye jiwe lisilooza. Pete na bangili zivuliwe. Dhahabu ya kidole imewahi kuleta majibu matamu yasiyo na mgodi. Kwa GPS kuna mtego wa hapa hapa: longitudo ya nyuzi 36 Mashariki inapita kati ya jiji la Dodoma na Mpwapwa, na huko kanda ya UTM (mfumo wa namba za ramani unaoigawa dunia kwa kanda) hubadilika kutoka 36 kwenda 37. Namba ya mashariki inaruka kutoka 832,000 hivi hadi 168,000 hivi ndani ya hatua moja. Anayeandika namba bila kanda atajikuta na sampuli zilizo mamia ya kilomita mbali. Ramani za zamani nazo zinatumia datamu (msingi wa kupimia) ya Arc 1960, na ukiweka namba zake kwenye WGS84, datamu ya GPS, bila kuzibadilisha unakosea kwa karibu mita 300. Kwa tabaka lenye unene wa mita 2, kosa hilo linatosha kuchoronga kilima kisichohusika. Ramani za jiolojia zinapatikana GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, hapo hapo Dodoma, na mipaka ya leseni iangaliwe Tume ya Madini kabla nyundo haijashuka.

Maabara ina mitego yake. Bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachopima metali kwa eksirei, haioni boroni kabisa, kwa kuwa atomu yake ni nyepesi mno. Inafaa kwa zinki, risasi, shaba, aseniki na manganizi. Njia ya asidi nne haiyeyushi tomalini yote, na boroni inayotoka huruka kama gesi kwa sababu ya asidi ya haidrofloriki. Kuyeyusha kwa lithiamu boreti ndiyo kichekesho: unapima boroni ndani ya dawa iliyojaa boroni. Omba kuyeyushwa kwa peroksaidi ya sodiamu, na ueleze kwa maandishi kuwa unataka boroni, kwani bila hivyo hupangiwa njia ya kawaida. Kwenye kila sampuli 20 ingiza moja isiyo na madini na moja yenye kiwango kinachojulikana. Jibu la zinki asilimia 1 likija, usishangilie kabla ya kujua imekaa wapi: ikiwa ndani ya sfalaraiti (salfaidi ya zinki) inatolewa kiwandani, ikiwa ndani ya ganaiti haitolewi.

Uwiano wa magnesiamu na chuma ndani ya tomalini nao unasaidia. Za granaiti huelekea kwenye chuma; za karibu na salfaidi za sakafu ya bahari huelekea kwenye magnesiamu, na rangi yake huwa kahawia kuliko nyeusi. Kwa hiyo mtu anayefuata tabaka jeusi akaona rangi ikififia kuelekea kahawia asidhani limekwisha. Hapo achukue sampuli kila baada ya mita 10 badala ya 50.

Likibaki suala la kuchoronga, kumbuka kwamba kwenye miamba iliyokunjwa hivi juu na chini vimekwisha kuchanganyikana. Sullivan inafundisha kuwa mbale iko juu ya tomaliniti, lakini Mpwapwa tabaka linaweza kuwa limepinduliwa lote, na alama za kuonyesha upande wa juu zimepikwa zikapotea. Shimo la kwanza lipite kwenye tomaliniti na kuendelea angalau mita 50 ndani ya mwamba wa upande wa pili. La pili lianzie upande ule mwingine, si pembeni mwa la kwanza.